Amana ya Mtoto na Haki ya Kuuliza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na wote waliomfuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, kurasa hizi zinakusudia kulitazama suala moja ambalo wazazi wanaoishi ughaibuni hukutana nalo karibu kila mtoto anapozaliwa. Nalo ni hili: mtoto ni amana katika mikono ya wazee wake. Basi mwenye kuchukua amana hiyo anapaswa kujitahidi kwa kiasi gani kuitafuta ilimu ya namna ya kuihifadhi? Je, yatosha mapenzi na nia njema? Na ikiwa aliuliza, wala hakupata wa kumjibu, kisha akakosea, lawama humwangukia nani?

Tumependa kulieleza suala hili kwa mfano wa mtaa mmoja, nao ni Cedar-Riverside, katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Hatukuuchagua mtaa huu kwa kuwa watu wake wana upungufu kuliko watu wa mahali pengine. Tumeuchagua kwa sababu yaliyowafika wazazi wa hapo na wa miji jirani yameandikwa na kuhesabiwa, na kwa hivyo twaweza kuyapima bila ya kubahatisha.

MTAA NA HUDUMA ZAKE

Cedar-Riverside umekaa karibu na mto Mississippi. Majengo yake marefu yenye vibao vya rangi, yaitwayo Riverside Plaza, yalikamilika mwaka 1973 kwa ramani ya msanifu Ralph Rapson, na lililo refu kuliko yote lina ghorofa 39. Tangu miaka ya 1990, vita vilipowatawanya watu wa Somalia, mtaa huu umekuwa makao ya Wasomali wengi, na pamoja nao Waoromo na watu wengine wa Afrika Mashariki. Wengi walipitia Dadaab, Kakuma au Eastleigh kabla ya kufika, na wako miongoni mwao waliojifunza Kiswahili huko.

Kwa upande wa tiba, mtaa huu haukunyimwa. Kliniki ya People's Center imekuwa ikiwatazama wagonjwa wa hapo tangu mwaka 1970. Hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilihamia katika barabara ya Riverside mwaka 2011, mwendo wa miguu kutoka kwenye yale majengo marefu. Mama mjamzito mwenye kipato kidogo huweza kuomba bima ya serikali iitwayo Medical Assistance. Na uko mpango wa WIC, uliofanywa kuwa wa kudumu nchini Marekani mwaka 1975, ambao humsaidia kwa chakula mjamzito, mama anyonyeshaye, na mtoto mpaka atimize miaka 5.

Tunayataja haya ili isidhaniwe kwamba yaliyotokea yalisababishwa na umbali wa dawa. Wako kina mama katika nchi zetu wanaotembea nusu siku, mtoto mgongoni, kwenda kupima uzito na kuchanjwa, na kadi ya kliniki wameifunga katika upindo wa kanga. Mama wa Cedar-Riverside alikuwa na kliniki karibu na nyumba yake. Alichokikosa ni jawabu.

YALIYOTOKEA

Mnamo mwaka 2008 wazazi wa Kisomali mjini Minneapolis walianza kusema hadharani kwamba wanaona watoto wao wengi mno wamo katika madarasa ya watoto wenye usonji. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoweza kumfanya mtoto achelewe kusema, asiitikie jina lake, au ajitenge na wenziwe. Wazazi wengi walikuwa hawajapata kulisikia jina la hali hii kabla ya kuhama. Wakauliza: Ni nini hiki? Kimetoka wapi? Mbona kimewapata watoto wetu huku, na kule hatukukijua?

Lilikuwa suala la haki. Mwaka 2009 Idara ya Afya ya Minnesota ilitoa taarifa iliyokubali kuwa watoto wa Kisomali walikuwa wengi kwa kadiri yao katika madarasa hayo ya awali, lakini haikuweza kueleza sababu. Mwaka 2013 uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliowatazama watoto wa miaka 7 hadi 9 mjini humo ulionesha kwamba mtoto 1 katika kila 32 wa Kisomali alikuwa na usonji, na kwa watoto wa Kizungu ni 1 katika kila 36, yaani karibu sawa. Lakini watoto wa Kisomali waliokuwa na usonji walielekea zaidi kuwa na upungufu wa akili pamoja nao. Kwa hivyo macho ya kina mama hayakuwadanganya. Waliona watoto wao wamepatwa na jambo zito, na ni kweli lilikuwa zito.

Katika muda ule wa kungojea, jawabu likaja kutoka mahali pengine. Mwaka 1998 daktari wa Kiingereza, Andrew Wakefield, na wenziwe walichapisha katika jarida la The Lancet maelezo ya watoto 12, na kutokana nayo ikaenea dhana kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Maelezo yale yalichunguzwa yakaonekana hayana uaminifu. Jarida liliyafuta mwezi wa Februari 2010, na mwezi wa Mei mwaka huo huo mwandishi wake akaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Hata hivyo, katika miaka ya 2010 na 2011 alifika Minneapolis zaidi ya mara moja, akakaa na wazazi wa Kisomali, akawasikiliza. Wapinzani wengine wa chanjo nao hawakuchoka kuwafuata.

Matokeo yake yanajulikana kwa hesabu. Mwaka 2004 watoto wa Kisomali wa Minnesota waliopata chanjo hiyo walipofikia umri wa miaka 2 walikuwa asilimia 92, kiasi cha kupigiwa mfano. Ilipofika mwaka 2014 wakawa asilimia 42. Mwaka 2011 mtoto mmoja asiyechanjwa alirudi na surua kutoka Kenya, na wagonjwa wakafika 21. Mwaka 2017 surua ilirudi tena. Kati ya mwezi wa Aprili na tarehe 31 Mei walithibitishwa wagonjwa 65, wengi wao watoto wadogo wa Kisomali wasiochanjwa. 20 kati ya hao walilazwa hospitali. Ulipotangazwa mwisho wa maradhi hayo mwezi wa Agosti, idadi ilikuwa imefika 75. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakuna aliyefariki. Mwaka 2024 jimbo hilo lilihesabu wagonjwa 70 wengine.

NANI MWENYE LAWAMA?

Basi tuyapime haya kwa uadilifu. Watu wengi waliosikia khabari hizi walikuwa wepesi wa kusema: "Hawa ni wajinga, hawataki ilimu." Hukumu hii si ya haki, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, mama aliyeogopa hakuikataa ilimu, aliitafuta. Mwenye kuuliza juu ya amana aliyonayo ametimiza sehemu ya wajibu wake. Hakika asilimia 92 ya mwaka 2004 yashuhudia kwamba jamii hii haikuwa na uadui wowote na chanjo. Aliyewahi kumshika mtoto mwenye surua katika kambi ya wakimbizi hahitaji kufundishwa kuwa surua huua.

Pili, jawabu la kweli huwa mara nyingi ni zito na lisilokamilika. Daktari mkweli alipaswa kusema: "Sababu ya usonji hatuijui yote, lakini hili la chanjo tumelichunguza, nalo si sababu." Nusu ya maneno haya ni kukiri kutojua, na kukiri kutojua ni jambo ambalo wenye vyeo hulionea taabu. Mwenye uwongo hana taabu hiyo. Jawabu lake ni fupi, limekamilika, na humtaja mkosaji.

Tatu, maneno ya kweli yaliposemwa, aghlabu yalisemwa kwa haraka, kwa lugha ya kigeni, katika dakika chache za miadi. Maneno ya uwongo yalisemwa kwa utulivu, katika mkutano, na mtu aliyeketi na kusikiliza.

Kwa hivyo tunasema: lawama ya kwanza ni ya aliyeeneza lisilo la kweli baada ya kubainishwa kuwa si la kweli. Lawama ya pili ni ya wenye ilimu waliokuwa na jawabu nusu wakaona afadhali wanyamaze. Ama mzazi, yeye hupata udhuru maadamu hakujua na hakupata wa kumjulisha. Lakini udhuru huu una mpaka. Mlango wa jawabu ukifunguliwa, na mtu akaupita bila kuingia, hawezi tena kujificha nyuma ya kutojua kwake.

Na mlango umefunguliwa. Wataalamu wa Denmark waliwafuata watoto 537,303 na kutoa matokeo yao mwaka 2002. Kisha mwaka 2019 wakatoa matokeo ya watoto 657,461. Katika hesabu zote mbili, waliochanjwa hawakupatwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Suala hili hufufuliwa mpaka leo, hata na watu wenye vyeo vikubwa, lakini kurudiwa kwa neno hakulifanyi kuwa kweli.

MASUALA YANAYOULIZWA

Suala: Sheria ya Minnesota inamruhusu mzazi kumwandikisha mtoto shuleni bila chanjo, akitia saini tamko la itikadi yake mbele ya ofisa wa kuthibitisha saini. Ikiwa sheria imeruhusu, kwa nini mnaleta maneno ya wajibu?

Jawabu: Sheria ya serikali hueleza ni jambo gani mtu hataadhibiwa kwalo. Haielezi ni jambo gani analodaiwa na dhamiri yake mbele ya Mola wake na mbele ya mtoto wake atakapokua. Mtoto hakutia saini. Ruhusa hiyo haikumwondolea mzazi mzigo wa kufikiri. Imemwachia peke yake.

Suala: Mtoto ni wangu, na khatari nimeichagua mwenyewe. Jirani yahusu nini?

Jawabu: Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akitoka katika chumba, ugonjwa waweza kubakia hewani kwa muda wa saa 2. Na katika watu 10 wasio na kinga waliomkaribia, 9 huweza kuambukizwa. Basi fikiri juu ya jengo la ghorofa 39 ambalo watu wake wote wanapanda lifti zile zile. Ndani yake yumo mtoto wa miezi 4 ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa. Yumo mwengine anayetibiwa saratani ya damu, ambaye dawa zake zimeidhoofisha kinga yake na hawezi kupewa chanjo hii. Watoto hawa hawana ngao ila watoto wanaowazunguka. Dini yetu imeikuza haki ya jirani kiasi kinachojulikana na kila mtu. Na katika majengo kama haya jirani ni yule unayevuta naye hewa moja.

Suala: Je, kuchanja si kupungukiwa na tawakali?

Jawabu: Mwenye kufunga mlango usiku hakuambiwa kuwa hamtegemei Mungu. Mkulima hupalilia shamba lake kisha akaomba mvua. Kushika sababu ni katika adabu ya kumtegemea Aliyeziumba sababu.

Suala: Tumesikia kuwa katika chanjo hii mna gelatini ya nguruwe.

Jawabu: Ni kweli kwamba chanjo ya aina moja inayotumika sana Marekani ina gelatini hiyo iliyogeuzwa kwa kazi za kiwanda. Mwaka 1995 wanavyuoni wa fiqhi na madaktari walikutana Kuwait katika mkutano wa Islamic Organization for Medical Sciences, wakasema kuwa gelatini ambayo asili yake imebadilika kabisa huwa tohara. Wako wanavyuoni wasioridhika na rai hiyo, nasi hatuwakatazi watu kushika lililo salama zaidi kwao. Lakini tangu mwaka 2022 imeruhusiwa Marekani chanjo nyengine ya maradhi hayo matatu, iitwayo Priorix, isiyo na gelatini. Anayeona uzito amwombe daktari wake hiyo, na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Kulifanya suala hili kuwa sababu ya kuacha kabisa, bila kuuliza, si uchamungu.

Suala: Sisi ni wakimbizi. Tumeona serikali zikisema uwongo. Kwa nini tuziamini?

Jawabu: Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wala hachekwi. Lakini kutoamini hukupa haki ya kuuliza zaidi. Hakukupi ruhusa ya kumwamini kila anayempinga unayemshuku. Aliyemkataa daktari kwa kuwa hamjui, kisha akampokea mgeni asiyemjua zaidi kwa kuwa amesema analotaka kulisikia, huyo hajajilinda na uwongo. Amebadilisha tu mlango wa kuingilia.

MFANO WA OMAN

Ili isidhaniwe kuwa shaka hii imo katika damu ya watu wetu au katika dini yetu, tazameni Oman. Huko wanaishi maelfu ya familia zinazosema Kiswahili, wengi wao waliotoka Zanzibar na mwambao baada ya mwaka 1964 na hasa baada ya 1970. Nao pia ni watu waliohama, waliobeba khofu zao na kumbukumbu zao. Kabla ya mwaka 1970 nchi hiyo ilikuwa na hospitali za kuhesabika kwa vidole. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Oman, pamoja na Bahrain na Iran, imeitokomeza surua na rubela.

Kina mama wa Muscat na Nizwa hawawapendi watoto wao zaidi ya kina mama wa Cedar-Riverside. Tofauti ni kwamba kule mama hukutana na mwuguzi katika kituo anachokizoea, tangu mimba mpaka mtoto aende shule. Na akiwa na shaka hupata wa kumwuliza siku ile ile. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa kujibiwa mara nyingi, jawabu dogo baada ya jawabu dogo.

YANAYOTUPASA

Basi, enyi wazazi, tunakuusieni mambo haya, nayo yako ndani ya uwezo wa kila mmoja.

La kwanza, ulizeni, na ulizeni kwa lugha mnayoifahamu. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zina wajibu wa kukupatieni mkalimani bila ya malipo. Msimfanye mtoto wenu kuwa mkalimani katika khabari za maradhi. Huo ni mzigo usiokuwa wake, na huenda akaficha lile analoliona zito.

La pili, jueni kuwa kungojea nako ni kuamua. Wazazi wengi hawakatai chanjo, husema tu, "Asubiri mpaka aanze kusema." Surua haingojei. Nyakati zilizopangwa Marekani ni dozi ya kwanza baina ya miezi 12 na 15, na ya pili baina ya miaka 4 na 6. Dozi moja hukinga surua kwa watu 93 katika 100, na mbili kwa watu 97. Anayesafiri kwenda Nairobi, Mogadishu au kwengineko na mtoto wa miezi 6 hadi 11, amwambie daktari mapema, kwani mtoto huyo hushauriwa apewe dozi moja kabla ya safari, nayo haihesabiwi katika zile mbili.

La tatu, mtoto akiwa na homa kali, mafua, macho mekundu na vipele vinavyoanzia usoni, pigeni simu kliniki kabla ya kwenda, ili apokewe mahali pasipo na watoto wachanga wala wajawazito.

La nne, msiyapokee maneno mkayapeleka mbele kabla ya kuyachuja. Anayepeleka khabari ya kutisha kwa jamaa zake bila kuithibitisha, kisha mtoto wa mwengine akalazwa kwa sababu yake, hawezi kusema kuwa hakufanya kitu ila kubonyeza kidole.

La tano, wala msimwonee haya wala kumtenga mzazi mwenye mtoto wa usonji. Yeye ndiye aliyeuliza mwanzo, na haki yake ya kusaidiwa haikupotea kwa kuwa jawabu alilopewa lilikuwa la uwongo. Bado anahitaji walimu, wataalamu, na majirani watakaomshika mtoto wake mkono. Tukimwambia tu, "Chanjo si sababu," kisha tukamwacha mlangoni, tumempa nusu ya haki yake, na nusu iliyobakia itatafutwa kwengine.

Na nyinyi wenye ilimu, mlio madaktari, wauguzi, maimamu na walimu katika jamii zetu: mnapoulizwa, jibuni. Mwaka 2017 maimamu na wafanyakazi wa afya wa Kisomali walikwenda misikitini na majumbani wakasema na watu kwa lugha yao, na wazazi wengi wakawapeleka watoto wao. Watu walewale waliosemwa kuwa hawasikii, walisikia walipozungumzwa nao. Basi msingoje surua irudi ndipo mwende. Na msilolijua, semeni kuwa hamlijui, kisha mrudi na khabari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na watoto wa jirani zetu, awape afya wagonjwa wao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozirudisha amana kwa wenyewe zikiwa salama. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.